GARI LIKIZAMA MCHANGANI

Maelezo kwa madereva wanaokwenda kufanya kazi Oman na nchi nyingine za Ghuba

Dereva aliyeendesha trekta katika shamba la miwa wakati wa masika anajua adha ya matope. Gurudumu likianza kuteleza huongeza mafuta, hutupa majani ya miwa chini ya tairi, huita wenzake wasukume, na mara nyingi hutoka. Dereva huyo huyo akipata kazi Oman au Saudi Arabia, akapewa gari la kupeleka watu au vifaa kwenye vilima vya mchanga, ujuzi ule wa matope waweza kumponza. Chini ya matope mara nyingi kuna ardhi ngumu, na tairi likichimba hufika likaishika. Chini ya mchanga wa jangwani kuna mchanga, na chini yake mchanga tena. Anayeongeza mafuta hujichimbia shimo.

Tunaandika habari hizi kwa sababu kila mwaka vijana wa Afrika Mashariki huvuka bahari kutafuta kazi katika nchi za Ghuba, na udereva ni miongoni mwa kazi hizo. Mtu huenda na leseni yake safi, na uzoefu wa miaka mingi wa lori la kiwanda au trekta la shamba. Lakini mchanga ni somo la peke yake, na huko jangwani hakuna kijiji cha jirani cha kuomba msaada. Gari lililozama kwetu ni hasara ya nusu siku. Gari lililozama huko mwezi wa Julai, mbali na barabara na bila maji ya kutosha, linaweza kuwa kifo cha waliomo.

Tutachukua mfano wa jangwa moja lijulikanalo, yaani mchanga wa Wahiba huko Oman, ambao siku hizi huitwa mchanga wa Sharqiya. Eneo lake ni kama kilometa za mraba 12,500. Kutoka kaskazini hadi kusini ni karibu kilometa 180, na upana wake ni karibu kilometa 80. Vilima vyake vikubwa hufika urefu wa meta 100. Wakazi wake wa asili ni Mabedui wafugaji wa ngamia na mbuzi, ambao leo huendesha magari mchangani kama sisi tunavyoendesha baiskeli njia ya shambani. Upande wa kaskazini kuna miji ya Bidiya, na huko ndiko watalii, wafanyakazi wa makambi na magari ya vifaa wanakoingilia.

Pepo zilizojenga vilima hivi si ngeni kwetu. Ni pepo za kusi, zile zile zilizorudisha majahazi ya Sur kutoka Unguja kila mwaka baada ya kushuka na kaskazi. Kwa karne nyingi upepo huo umesukuma mchanga na kuulaza katika matuta marefu yanayokwenda kaskazini na kusini, na kati ya tuta na tuta kuna bonde. Dereva mwenye busara hufuata mabonde kadiri awezavyo, na huvuka tuta pale tu ambapo hapana budi.

Upepo wa tairi

Jambo hili tutalieleza kwa urefu kuliko mengine, maana asilimia kubwa ya matatizo ya mchangani hutokana na mtu kuingia na tairi zilizojaa kama za barabarani.

Tuseme gari lina uzito wa kilo 2,400 pamoja na mizigo. Kila gurudumu linabeba kilo 600. Tairi likiwa na upepo wa paundi 35, kila sentimita ya mraba inayogusa chini inabeba karibu kilo mbili na nusu. Kwa hiyo, ili kubeba kilo 600, tairi linahitaji kugusa chini sentimita za mraba 245 hivi, kiasi cha viganja viwili vya mkono. Ukipunguza upepo hadi paundi 15, kila sentimita ya mraba inabeba kilo moja tu na kidogo, na tairi hulala mpaka ligusie sentimita za mraba 570. Hesabu hii ni ya jumla, kwa sababu mpira wenyewe nao una ugumu wake, lakini inaonyesha jambo lilivyo. Uzito haukubadilika na injini haikubadilika, lakini mchanga umepata nafuu ya zaidi ya nusu. Ngamia ana nyayo pana kwa sababu hiyo hiyo.

Wengi hudhani tairi likipunguzwa upepo linapanuka kwa upande. Linapanuka kidogo, lakini zaidi linarefuka, likawa linatembea kama mnyororo wa buldoza kuliko kama gurudumu la mkokoteni.

Kwa gari la kawaida la jangwani, mfano Land Cruiser au Land Rover, madereva wengi huanza na paundi 15 hadi 18. Gari likizama hushusha hadi 12. Chini ya paundi 10 kuna hatari ya tairi kuvuka ukingo wa ringi na kuvuliwa, hasa ukikata kona kwa nguvu. Lori zito lina hesabu yake, kwa hiyo muulize anayelijua lori lile. Tairi zikiwa laini, endesha pole na usikate kona kali.

Upepo hupimwa kwa geji, si kwa jicho wala kwa teke. Upime asubuhi tairi zikiwa baridi, na ukumbuke kwamba jua likipanda na tairi likapata moto upepo huongezeka wenyewe. Na geji hiyo iwe ndani ya gari daima, pamoja na pampu ya kurudishia upepo. Gari lenye geji bila pampu limeandaliwa nusu ya safari.

Elimu hii si ya jana. Mwingereza mmoja aitwaye Ralph Bagnold, mhandisi wa jeshi, alisafiri na wenzake kwa magari ya Ford katika jangwa la Misri na Libya kwenye miaka ya 1920 na ya 1930, mahali ambapo watu walisema gari haliwezi kupita. Walijifunza kupunguza upepo wa tairi, na walibeba mabati mazito ya chuma ya kulaza mbele ya magurudumu. Mabati yao ya kwanza yalikuwa vyuma vikuukuu vilivyopatikana Cairo, vilivyotengenezwa kwa kuezekea mahandaki katika vita vya 1914 hadi 1918. Mwaka 1941 Bagnold alitoa kitabu kuhusu jinsi upepo unavyohamisha mchanga, na wataalamu wangali wanakitumia. Ujuzi huo ulitumika vitani mwaka 1940 na baadaye. Leo unamfaa zaidi dereva anayebeba mapipa ya maji.

Kupanda na kushuka

Kilima cha mchanga kina pande mbili zisizofanana. Upande unaopigwa na upepo, ambao mabaharia wa pwani huuita joshini, una mteremko wa pole, na mchanga wake umeshindiliwa na upepo punje kwa punje mpaka ukawa mgumu kiasi. Upande wa pili, wa demani, ni maporomoko. Mchanga umeanguka hapo wenyewe kutoka juu, umekaa kwa mwinamo mkali wa nyuzi 32 hadi 34 hivi, na ni laini kama unga uliomwagwa kutoka guniani. Gari hupanda kwa joshini. Kupanda kwa demani ni kupoteza petroli, isipokuwa kwa kilima kidogo sana.

Kabla ya kuingia mchangani, weka gari katika hali ya kuvuta kwa magurudumu yote manne. Usingoje lizame ndipo ukumbuke. Kilima kipande moja kwa moja, pua ya gari ikitazama juu, mwendo ukiupata chini kabla ya kuanza mlima. Katikati ya mlima si mahali pa kubadilisha gia. Ukikanyaga klachi hapo, gari husimama kana kwamba limefungwa kamba. Ukikaribia kileleni punguza mafuta, ili gari lifike juu likiwa limekwisha kuchoka, kisha simama. Shuka kwa miguu utazame upande wa pili. Wako madereva waliovuka kilele kwa kishindo wakakuta hakuna ardhi ng'ambo, gari likaruka na kuangukia pua, na migongo ya abiria ikavunjika. Huenda pia kuna gari lingine linapanda kutoka huko. Ndiyo sababu magari ya huko hufunga bendera kwenye fimbo ndefu, ionekane kabla ya gari lenyewe.

Ukishindwa kufika juu, usijaribu kugeuza. Weka gia ya kurudi nyuma na urudi kwa mstari ule ule uliopandia, usukani ukiwa umenyooka. Gari lililogeuzwa ubavu kwenye mlima wa mchanga hubingirika kwa urahisi mno, kwa maana magurudumu ya chini huzama na ya juu huinuka. Ikitokea gari limeanza kwenda upande na unahisi linalala, elekeza usukani chini ya mteremko na uongeze mafuta kidogo. Mkono wa mtu hutaka kugeuzia juu, na huko ndiko kupinduka. Mkanda wa kiti ufungwe na kila mmoja aliyemo, pamoja na wale waliokaa nyuma.

Kushuka upande wa maporomoko kunatisha kuliko kunavyodhuru. Gia nzito, gari limenyooka, mguu mbali na breki. Mchanga wenyewe hushuka pamoja na gari na kulizuia. Ukikanyaga breki, mkia huja mbele.

Hata katika mahali tambarare breki si rafiki. Magurudumu yakikazwa ghafula hukusanya kilima kidogo cha mchanga mbele yake, na utakapotaka kuondoka kilima hicho ndicho kitakachokushika. Acha gari lisimame lenyewe, na ukiweza lisimame likitazama mteremko.

Saa nazo zina maana. Asubuhi mapema mchanga una ubaridi, na mahali penye umande au ukungu wa baharini, kama Wahiba, hushikamana vizuri. Tena kivuli ni kirefu, kila shimo linaonekana. Saa sita mchana mchanga umekauka na kulegea, jua liko utosini, na kilima chote huonekana cheupe kimoja kama shuka. Kazi inayoweza kumalizwa kabla ya saa tatu asubuhi imalizwe kabla ya saa tatu asubuhi.

Likishazama

Sasa tuseme yote yamefanywa na gari limezama. Kwa hakika litazama siku moja. Hata Mabedui huzama.

Kilicho muhimu kuliko vyote hutokea katika nukta mbili tatu za mwanzo. Utahisi gari likipungua mwendo ingawa injini inaunguruma. Hapo toa mguu kwenye mafuta. Gari lililosimama likiwa limezama robo ya gurudumu hutoka kwa dakika kumi. Dereva akishindana nalo, magurudumu huzunguka, huchimba, na chasisi hukaa juu ya mchanga. Gari likishakaa tumbo namna hiyo, magurudumu yananing'inia hayabebi chochote, na kazi ya dakika kumi imekuwa ya saa mbili chini ya jua. Wakati huo huo klachi inaungua. Ukisikia harufu yake, umechelewa tayari.

Kwanza jaribu kurudi nyuma kwa njia uliyoijia, kwani mchanga huo gari lilikwisha kuushindilia. Ukiona haliendi, zima shauri hilo mara moja na ushuke. Zunguka gari lote ukitazama: gurudumu gani limezama zaidi, tumbo limegusa wapi, mteremko uko upande gani. Gari litolewe kuelekea mteremkoni, hata kama safari ni ya upande wa pili.

Kisha ni kazi ya beleshi. Wengi huchimba mbele ya tairi tu, wakasahau tumbo. Mchanga ulio chini ya chasisi, ekseli na difu ndio unaoshika gari, kwa hiyo uondolewe wote kwanza. Kila gurudumu lichimbiwe mtelezo mrefu wa pole, usiwe ukuta, kwa upande ule gari litakakotokea. Magurudumu yote manne, si yale mawili yaliyozama zaidi. Shusha mizigo na watu. Punguza upepo hadi paundi 12. Kama gari lina kitufe cha kufunga difu, kifunge, maana bila hivyo nguvu yote hukimbilia gurudumu lile lisilo na kazi. Magari mapya yana mtambo wa umeme unaopunguza nguvu ya injini kila gurudumu linapoteleza. Mtambo huo unafaa barabarani, lakini mchangani mara nyingi huliua gari katikati ya mlima, hivyo uzimwe kabla ya kuingia.

Mabati yenye matundu yakiwepo, yapenyezwe chini ya tairi kwa nguvu, ncha zake ziguse mpira kabisa. Yasipokuwepo, magunia au mazulia ya gari husaidia kidogo. Lakini mtu yeyote asisimame nyuma ya gurudumu lililowekewa kitu: bati au zulia hufyatuka nyuma kwa nguvu ya kuvunja mguu. Wanaosukuma wasukume kwa pembeni. Dereva aweke gia ya pili katika mfumo wa gia nzito, na aondoke polepole kama mwenye kubeba mayai. Likitoka lisisimame mpaka lifike mahali pagumu, hata kama wenzake watalifuata kwa miguu.

Tairi likivuka ringi usikate tamaa. Tafuta ubao mpana uweke chini ya jeki, kwa kuwa jeki bila ubao huzama badala ya kuinua gari. Inua, safisha mchanga wote kwenye ukingo wa ringi kwa kitambaa na maji kidogo, kisha jaza upepo kwa pampu. Mara nyingi tairi hurudi mahali pake kwa mlio mkubwa. Wapo wanaomwaga petroli ndani ya tairi na kuwasha kiberiti ili lipuke lirudi. Huo ni mchezo wa kuunguza mikono na gari pia. Usiuige.

Kuvutwa na gari lingine

Hapa ndipo tunapoomba msomaji asome mara mbili. Watu wameuawa na kamba, na miongoni mwa waliokufa wamo waliosimama kutazama tu.

Kamba ifungwe kwenye kulabu imara iliyoshikamana na chasisi. Isifungwe kwenye bampa. Isifungwe hata kidogo kwenye kile kipira cha kukokotea trela. Kipira hicho kimetengenezwa kuvuta trela inayotembea. Kikipigwa mshtuko wa gari lililozama hukatika na kuruka kama risasi ya mzinga, kikapasua kioo na kichwa kilicho nyuma yake. Kamba ya waya na mnyororo zivutwe pole bila kushtua. Kamba pana za kunyumbuka ndizo zinazoruhusu mshtuko kidogo. Juu ya kamba, katikati, tandika blanketi zito au turubai, ili ikikatika ianguke chini. Wote wasiohusika wakae mbali, angalau mara moja na nusu ya urefu wa kamba, na mtu mmoja tu ndiye atoe ishara.

Gari lichimbwe kabla ya kuvutwa. Uvivu wa kuacha beleshi na kutegemea kamba ndio unaokata kamba.

Injini kuchemka

Mchangani injini inafanya kazi kubwa kwa mwendo mdogo, na upepo wa jangwa ukivuma kutoka nyuma feni haipati hewa ya kutosha. Sindano ya joto ikipanda, geuza gari likabili upepo, simama, uiache injini izunguke polepole bila kuizima. Kifuniko cha rejeta kisiguswe mpaka kipoe. Bagnold na wenzake walikuwa na ufundi wa debe: mpira mmoja ulitoka kwenye rejeta ukaingia katika debe lenye maji kidogo, mvuke ukapoa humo kuwa maji, na injini ilipopoa maji yakanyonywa kurudi. Magari ya leo yana chupa inayofanya kazi hiyo hiyo, kwa hiyo itazamwe kila asubuhi. Chujio la hewa nalo likung'utwe kila siku ya kazi ya mchangani, kwani vumbi likipita huko injini huliwa kama inayosagwa kwa msasa.

Kuna pia ardhi ya chumvi karibu na pwani, kama Barr al Hikman, kusini ya Wahiba. Kwa juu ni kavu na tambarare, inavutia kuliko mchanga. Chini yake ni tope. Hapo maarifa ya upepo hayafai sana. Fuata alama za magari yaliyotangulia, na pasipo na alama usipite.

Maji, na nani atoe vifaa

Mtu aliyetulia kivulini katika joto la huko ahesabiwe lita 5 za maji kwa siku. Anayechimba kwa beleshi juani anaweza kutoka jasho zaidi ya lita moja kwa saa, kwa hiyo ahesabiwe lita 10. Watu wawili wanaokwenda safari ya siku moja wabebe ya siku mbili, yaani lita 40. Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akapepesuka, ngozi ikawa ya moto sana, huo si uchovu wala uvivu. Ubongo wake unaungua. Mpeleke kivulini, mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima na kumpepea bila kukoma. Akipoteza fahamu usimtilie maji kinywani.

Na gari likishindikana, kaeni na gari. Gari linaonekana kutoka mbali, lina kivuli, lina kioo cha kumulika jua. Mtu anayetembea peke yake mchangani haonekani, na kila hatua inamnyonya maji. Waliookolewa wengi walikutwa wamekaa.

Sasa twende kwenye suala la kazi. Geji, pampu, beleshi mbili, mabati, kamba, ubao wa jeki, maji, simu au redio inayofika mahali hapo, na gari la pili la kufuatana: je, hivi ni mali ya dereva au ya mwajiri? Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 155 wa mwaka 1981, kifungu cha 21, unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Kifungu cha 13 kinamlinda mfanyakazi anayejiondoa mahali ambapo ana sababu za haki kuamini kuwa pana hatari kubwa ya karibu kwa maisha au afya yake. Mwaka 2022 mkataba huo uliingizwa katika mikataba ya msingi, ambayo kanuni zake nchi zote wanachama zinatakiwa kuziheshimu, hata nchi isiyoutia sahihi.

Oman iliruhusu vyama vya wafanyakazi mwaka 2006. Nchi hiyo pia ina amri ya kupumzisha kazi za nje juani katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu. Hatusemi kwamba amri ikiandikwa basi inafuatwa, maana sisi wa viwandani na mashambani tunajua umbali uliopo kati ya karatasi na msimamizi. Lakini dereva anayeijua anaweza kuuliza, na anayeuliza kwa adabu mbele ya wenzake wawili ni vigumu kumfukuza kimya kimya.

Lipo pia jambo la makato. Klachi ikiungua mchangani, ni rahisi kusema dereva ni mjinga na kumkata mshahara. Kwa hiyo kabla ya safari andika katika daftari la gari vifaa ulivyokuta na ulivyokosa, tarehe na saa, na mwombe aliyekutuma atie sahihi. Akikataa kutia sahihi, andika hivyo pia, upige picha ukurasa huo kwa simu na kumtumia mtu wako aliye mbali. Kabla ya kukubali kazi, uliza kama gari ni moja au ni mawili. Gari moja peke yake haliingii vilimani. Hii ni kanuni ya wenyeji wenyewe, si hila ya mfanyakazi. Na usione haya kuuliza wenyeji. Oman wako wengi wasemao Kiswahili, watu ambao wazee wao walikaa Unguja, Pemba na bara, na walirudi huko kwa wingi baada ya 1964 na baada ya 1970. Mara nyingi utajibiwa kwa lugha yako.

Kurudi lami

Kazi imekwisha, vilima viko nyuma, barabara ya lami hiyo inaonekana. Watu wamechoka na wanataka kufika. Hapa gari lisipandishwe lami na kukimbizwa likiwa bado na paundi 15. Tairi laini likienda kilometa 100 kwa saa hujikunja na kujikunjua bila kukoma, hupata moto ndani ya mpira, na hupasuka ghafula. Pembezoni mwa mchanga, katika miji ya Bidiya, mna maduka ya tairi ambayo kazi yao kubwa ni kupunguza upepo wa magari yanayoingia na kuurudisha kwa yanayotoka. Kama hakuna duka, simama kando na utumie pampu yako, tairi moja baada ya jingine, mpaka paundi zilizoandikwa na mtengenezaji wa gari. Kung'uta mchanga kwenye breki, tazama kama tairi limepasuka ubavuni, kaza nati za magurudumu, halafu uandike katika daftari saa uliyotoka.